Kiongeza kipi cha chakula kinausaidia kweli utumbo wa watoto wa nguruwe baada ya kuachishwa kunyonya?

Mfugaji wa Rungwe

Ndugu wafugaji na wataalamu wa mifugo, habari za kazi.

Ninafuga nguruwe chotara wa Large White na Landrace wilayani Rungwe, mkoa wa Mbeya, na watoto ninawaachisha kunyonya wakiwa na umri wa wiki tano. Wakiwa na mama yao wanakua vizuri bila shida yoyote, lakini ndani ya wiki moja baada ya kutenganishwa naye kinyesi cha wengi wao huwa cha majimaji chenye rangi ya kijivu au ya njano, manyoya husimama, matumbo huingia ndani, na ni nadra uzao kupita bila kifo. Wanaopona hudumaa, na wanachelewa sana kufikia uzito wa kuuzwa.

Chakula ninachanganya mwenyewe kwa mahindi ya kuparaza, pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, soya, dagaa, chokaa, chumvi na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini). Nilipoomba ushauri katika maduka ya pembejeo nilionyeshwa bidhaa nyingi: asidi za kuchanganya kwenye chakula, unga wenye bakteria hai, hamira, oksidi ya zinki, na hata antibaiotiki ya kuweka katika chakula kila siku kwa ajili ya kinga. Kila muuzaji anaisifia bidhaa yake, na bei si ndogo. Ninaomba anayeelewa anieleze kila kimoja hufanya nini hasa ndani ya tumbo la mtoto wa nguruwe, na iwapo fedha zangu zinatosha kitu kimoja tu, nianze na kipi.

Daktari wa Mifugo, Morogoro

Ndugu yangu wa Rungwe, umefanya vema kutaja muda ambao tatizo linaanza, kwa sababu muda huo unatuonyesha pa kuanzia. Mtoto anayehara akiwa na wiki moja hadi mbili, wakati bado ananyonya, hunifanya nifikirie koksidia, vimelea vya utumboni, kwanza. Anayehara siku chache baada ya kuachishwa, kama hao wako, mara nyingi ameshambuliwa na aina za bakteria wa E. coli wenye uwezo wa kujishikiza kwenye ukuta wa utumbo mwembamba na kutoa sumu inayovuta maji ya mwili kuingia utumboni. Bakteria hao wamo bandani siku zote. Kinachobadilika ni hali ya utumbo wenyewe.

Mtoto anayenyonya analindwa na mambo mawili. Maziwa ya mama yana kingamwili zinazowazuia bakteria kujishikiza, na sukari ya maziwa hugeuzwa na bakteria wazuri wa tumboni kuwa asidi ya laktiki, ambayo hulifanya tumbo kuwa chachu ingawa mtoto mwenyewe bado hajaweza kutengeneza asidi yake kwa wingi. Siku unapomtenga na mama, ulinzi wote huo unakatika kwa mkupuo. Tena watoto wengi hula kidogo mno, au hawali kabisa, katika siku moja au mbili za mwanzo, na vijidole vidogo sana vinavyofyonza chakula katika utumbo mwembamba husinyaa, kwa kuwa seli zake hutegemea kwa sehemu kubwa chakula kile kile kinachopita hapo. Kisha njaa inawashinda, wanakula kwa pupa, na chakula chenye protini nyingi kinapita katika tumbo lisilo na uchachu wa kutosha, kinafika chini kikiwa hakijameng'enywa, na kinawalisha E. coli badala ya kumlisha mtoto.

Kila kiongeza unachoonyeshwa dukani kipime kwa mfuatano huo: kinasaidia hatua ipi?

Asidi ndizo zenye hoja iliyo wazi zaidi. Asidi ya sitriki au ya fumariki, kwa kiwango cha kilo 1 hadi 2 katika kila kilo 100 za chakula, huongeza uchachu wa tumbo, hukisaidia kimeng'enya cha pepsini kuvunja protini, na huwabana bakteria wasiostahimili uchachu. Asidi ya fomiki ina makali zaidi dhidi ya bakteria, lakini inaunguza ngozi na macho na inakula vyuma, kwa hiyo mfugaji anayechanganya kwa mikono na koleo ni afadhali aiache na atumie ya sitriki, ambayo hata hivyo ashike akiwa amevaa glavu na kitambaa puani.

Bakteria hai nao wana nafasi yao, ila matokeo yao hutofautiana sana kati ya shamba na shamba. Wale wa kundi la Lactobacillus hufa upesi kwa joto na unyevu, na kopo lililokaa dirishani mwa duka kwa miezi kadhaa laweza kuwa limebaki na unga tu. Wale wa kundi la Bacillus hujifunika kwa gamba gumu na huvumilia joto na kukaa muda mrefu, kwa hiyo wanalifaa zaidi soko letu. Faida yao huonekana zaidi wanapoanza kutolewa kabla ya kuachisha, mtoto akiwa bado na nguvu. Ukisubiri mpaka ahare ndipo uwape, umechelewa. Hamira hai ina kazi inayokaribiana na hiyo, na sehemu ya ganda la hamira huwanasa baadhi ya E. coli ili wasishike ukuta wa utumbo.

Oksidi ya zinki inafanya kazi, sitaki kukuficha. Kwa miaka mingi wafugaji wa Ulaya waliitumia kwa kiwango cha miligramu 2,500 za zinki katika kila kilo ya chakula kwa siku 14 baada ya kuachisha, na kuhara kulipungua sana. Lakini tangu Juni 2022 Umoja wa Ulaya umezuia matumizi hayo ya kitabibu, na zinki katika chakula cha watoto wa nguruwe imewekewa kikomo cha miligramu 150 kwa kilo. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya zinki hiyo hutoka na kinyesi, hujilimbikiza katika udongo unaowekwa samadi, na huwachochea bakteria kuwa sugu, hata dhidi ya dawa ambazo hazikutumika. Wewe unayepeleka samadi yako kwenye migomba na viazi, hilo linakuhusu moja kwa moja.

Kuhusu antibaiotiki ya kila siku kwenye chakula, ninakusihi uikatae. Sweden iliacha antibaiotiki za kukuzia mifugo mwaka 1986 na Umoja wa Ulaya wote mwaka 2006. Mwaka 2015 wanasayansi wa China walitangaza kwamba wamegundua jeni ya usugu iitwayo mcr-1, ambayo bakteria wanaweza kuhamishiana, inayowakinga dhidi ya kolistini, dawa ambayo hospitali huitunza kwa wagonjwa walioshindikana kwa dawa nyingine. Ilionekana kwa nguruwe, katika nyama na kwa watu, na kolistini ilikuwa ikiwekwa katika vyakula vya nguruwe. Antibaiotiki ni ya kumtibu mnyama mgonjwa, kwa kipimo na kwa muda uliowekwa.

Kwa hiyo ukinibana nitaje kimoja, nitataja asidi. Ila asidi hiyo itakusaidia au itapotea bure kutegemea chakula unachoiweka ndani yake, na hapo naomba wachanganyaji wa chakula waniongezee.

Mama Mchanganyaji, Njombe

Daktari amenifungulia mlango, nami nitaingia na chokaa. Kaka wa Rungwe, chokaa ndiyo kiungo kinachoua asidi kuliko vyote ulivyovitaja. Kazi yake katika chakula ni kutoa kalsiamu, lakini tumboni inaungana na asidi na kuimaliza nguvu. Mtu anaweza kununua asidi ya sitriki kwa bei kubwa, kisha akamwaga chokaa kwa kipimo cha nguruwe anayenyonyesha, na asione tofauti yoyote. Kwa chakula cha wiki mbili za kwanza baada ya kuachisha, mimi hupunguza chokaa hadi kiwango cha chini kinachoruhusiwa katika hesabu ya mchanganyo, kisha huirudisha taratibu mtoto anapoanza kula vizuri, kwa sababu mifupa nayo inaihitaji. Kumbuka pia kwamba dagaa wana mifupa, kwa hiyo kalsiamu imo humo tayari.

La pili ni soya. Hukueleza kama ni ya kukaanga au mbichi, na tofauti ni kubwa mno. Soya mbichi ina vizuizi vinavyokifunga kimeng'enya cha tripsini, hivyo protini inapita bila kumeng'enywa, na ndilo jambo lile lile tunalolikimbia. Ikaangwe mpaka igeuke rangi ya dhahabu na kutoa harufu ya karanga, si mpaka iungue, kwa sababu ikiungua laisini yake, moja ya vijenzi vya protini ambavyo mnyama lazima avipate katika chakula, haipatikani tena kwa mnyama. Hata iliyokaangwa vizuri usiijaze kwa watoto waliotoka kuachishwa, kwani protini zake huyasumbua matumbo machanga. Waanze kuionja kidogo kidogo wakiwa bado wananyonya.

La tatu, wengi wetu tunaamini kwamba mtoto akiwa mdogo protini iongezwe kadiri tunavyoweza. Ukiweza kupata laisini na vijenzi vingine vya protini vya dukani, methionini na threonini, chakula chenye protini ya asilimia 17 au 18 kinatosha kwa wiki hizo mbili, na kinaleta kuhara kidogo kuliko chenye asilimia 21 au 22, kwa kuwa mabaki ya kuwalisha bakteria yanapungua. Kama fedha hazitoshi kununua asidi za kuchachusha na laisini kwa pamoja, mimi ningenunua laisini kwanza. Hapo natofautiana na Daktari, lakini nasema kwa kuangalia watu ninaowachanganyia.

Mashudu ya alizeti yetu mengi hukamuliwa na maganda, kwa hiyo yana nyuzinyuzi nyingi na laisini kidogo. Kwa umri huo weka machache tu. Lakini usiondoe nyuzinyuzi zote. Pumba za ngano kiasi cha kilo 4 au 5 katika kilo 100 husaidia utumbo kusogeza chakula, na kinyesi hushika. Dagaa wachague wasio na mchanga na wasio na chumvi nyingi. Mahindi yenye ukungu usimpe mtoto hata kama umeyachambua, kwa sababu sumukuvu haionekani kwa macho na hakuna kiongeza cha utumbo kitakachoifidia. Na damu ya machinjioni au makombo ya hotelini yasiingie kabisa katika chakula chako: Homa ya Nguruwe ya Afrika inasafiri humo, na ugonjwa huo hauna tiba.

Mfugaji wa Kiambu, Kenya

Nakubaliana na Mama. Ningependa tu kuongeza kuhusu maziwa, maana sijaona yakitajwa kama chakula. Huku kwetu kuna ng'ombe wengi wa maziwa, na wafugaji wa nguruwe walio karibu na watengenezaji wa jibini hupata maji ya jibini kwa bei nafuu. Mtoto wa umri huo bado ana kimeng'enya cha kutosha cha kumeng'enya sukari ya maziwa, na sukari hiyo ndiyo inayowalisha bakteria wanaotengeneza asidi ya laktiki tumboni. Rungwe nako kuna maziwa mengi. Mala (maziwa mtindi) iliyogandishwa vizuri, ikichanganywa na chakula chao kuwa uji mzito katika siku nne au tano za kwanza, huwavuta hata wale waliokataa chakula kikavu. Mabaki yaondolewe kila baada ya saa chache, na chombo kioshwe.

Mfugaji wa Rungwe

Nawashukuru nyote, Daktari, Mama na ndugu yetu wa Kiambu. Soya yangu hukaangwa na kijana wa mashine, na nimegundua kwamba sijawahi kuisimamia kazi hiyo, nitaisimamia. Nina maswali mawili yaliyobaki. Kwanza, jirani yangu anauza oksidi ya zinki kwa kilo, ya bei ya chini sana, na anasema haina tofauti na ya dukani. Pili, wazee wa hapa walikuwa wakiwapa nguruwe pombe iliyobaki na togwa iliyochacha, wakisema inakaza tumbo. Je, hilo lina msingi, au ni la kuachwa?

Mwalimu wa Kilimo, Iringa

Naomba nijibu la togwa, kwa kuwa ni jambo ninalolipenda na linastahili heshima zaidi ya linayopewa. Katika miaka ya 1990 hapa hapa Tanzania ulifanyika utafiti kwa watoto wadogo waliokuwa wakilishwa togwa, na walionekana kuwa na bakteria wachache wa kuharisha katika vinyesi vyao kuliko wenzao ambao hawakula togwa. Sababu ni ile ile aliyoieleza Daktari. Nafaka iliyochachushwa na bakteria wa laktiki hujaa asidi hiyo, pH yake (kipimo ambacho kikishuka uchachu huzidi) inashuka chini ya 4.5, na E. coli na Salmonella wanashindwa kustawi humo. Huko Denmark na Uholanzi wafugaji wakubwa wa nguruwe huchachusha chakula cha maji kwa kanuni hiyo hiyo, wakitumia matangi na pampu.

Kwa mfugaji wetu inawezekana kufanywa kwa ndoo yenye mfuniko. Changanya unga wa mahindi na maji safi ya uvuguvugu, kiasi cha sehemu moja ya unga kwa sehemu mbili na nusu za maji, ongeza kikombe cha togwa nzuri iliyokwisha kuchacha ili iwe mbegu, funika, weka mahali penye joto kwa siku moja hadi mbili mpaka uchachu wake uwe mkali na safi. Unapotoa ya kulisha, bakiza sehemu ndogo iwe mbegu ya ndoo inayofuata. Uchachushe nafaka peke yake. Dagaa, premiksi na hasa laisini ya dukani viongezwe wakati wa kulisha tu, kwa sababu bakteria huila laisini hiyo ikikaa ndooni, na fedha yako inakwenda nayo. Ikinuka pombe, ikitoa povu jingi au kuwa na utando wa ukungu, imwage na uanze upya kwa ndoo iliyooshwa. Kwa wilaya yenye baridi kama Rungwe, mwezi wa Juni na Julai ndoo ikae jikoni, la sivyo itachelewa kuchacha na bakteria wabaya watatangulia.

Pombe yenyewe usiwape watoto. Machicha yake ni ya nguruwe wakubwa.

Daktari wa Mifugo, Morogoro

Mwalimu amejibu vizuri kuliko ambavyo ningejibu mimi. Kwa anayeweza kuitunza ndoo hiyo kwa usafi, ninaikubali mahali pa asidi ya dukani, na Mama nami tutakuwa tumepatana juu ya laisini.

Kuhusu zinki ya jirani, usiinunue. Oksidi ya zinki ya kiwandani hutengenezwa kwa ajili ya rangi na mpira, na inaweza kuwa na risasi na kadimiamu, metali zinazobaki katika ini na figo za mnyama na kufika mezani kwa mlaji. Kama daktari wa wilaya yako ataona lazima uitumie kwa uzao ulioathirika, iwe ya daraja la chakula cha mifugo, ipimwe kwa mizani ndogo, na isipite wiki mbili. Ikizidishwa kwa muda mrefu watoto hupunguza kula na kongosho huathirika. Tena jueni kwamba oksidi ya zinki, kama chokaa, nayo huila asidi ya tumbo, kwa hiyo viwili hivyo havisaidiani kama wauzaji wanavyodai.

Yapo mambo ambayo hayauzwi kopo kwa kopo, na ninayaweka hapa kwa kuwa nimeona watu wakinunua viongeza huku hayo yakiwa yamekosekana. Mtoto wa wiki tano anahitaji joto la nyuzi 26 hadi 28 mahali anapolala. Usiku wa Rungwe hauko karibu na hapo, kwa hiyo weka majani makavu mengi na kisanduku chenye paa la chini, na ziba upepo wa chini. Maji yawe masafi na yapatikane muda wote. Kama unatumia chuchu za maji, ifinye moja juu ya kikombe, na isipotoa angalau nusu lita kwa dakika, irekebishe. Chakula chao cha baada ya kuachishwa waanze kukionja tangu wiki ya pili ya maisha, kiasi kidogo kinachobadilishwa kila siku. Siku ya kuwatenga, mwondoe mama na watoto wabaki katika chumba walichokizoea, bila kuwachanganya na uzao mwingine, na kwa wiki ya kwanza chakula kigawanywe mara tano au sita kwa siku.

Ukiona watoto walionona kuliko wenzao wanakufa ghafla, kope zikiwa zimevimba na miguu ikiyumba, hiyo ni sura nyingine ya E. coli iitwayo ugonjwa wa uvimbe. Mwite daktari siku hiyo hiyo. Na wa kawaida wanaohara wapewe maji ya chumvi na sukari wakati unasubiri, kwa sababu wengi wao huuawa na kukaukiwa maji.

Kabla ya kutumia antibaiotiki yoyote, chukua sampuli ya kinyesi kutoka kwa watoto ambao ndiyo kwanza wameanza kuhara na hawajapewa dawa, iweke katika chombo safi chenye baridi, na kupitia afisa mifugo wako ifike Wakala wa Maabara ya Veterinari, kituo cha Iringa, wakaotesha bakteria na kupima ni dawa ipi inayowaua.

Mwisho, nakuomba ujaribu kwa namna itakayokupa jibu la shambani kwako mwenyewe. Kila uzao utakaoachishwa ugawe mara mbili, wakubwa kwa wadogo kwa uwiano sawa, katika vyumba viwili vinavyofanana. Kimoja wapate chakula alichokieleza Mama, kingine chakula hicho hicho pamoja na nafaka iliyochachushwa. Wapime uzito siku ya kuachishwa na tena baada ya wiki mbili, andika waliohara na waliokufa, urudie kwa uzao unaofuata na mwingine tena, kwa sababu uzao mmoja hautoshi kukuambia lolote. Ukipata takwimu hizo zilete hapa, nami nitakusaidia kuzisoma.